Kabla Kikundi Hakijalipia Kozi ya Mtandaoni

Safari hii tunajifunza juu ya kozi za ugavi, yaani kununua, kuweka akiba, kusafirisha na kufikisha mali kwa mnunuzi. Vijana wetu wanaomba pesa za kikundi wazisome kwa simu. Si vibaya. Lakini hizo pesa zimetoka kwa mayai na maziwa, kwa hivyo tuulize kwanza: ni shida gani ya hapa kwetu itapungua?

Tuchukue kikundi cha kuku. Kuku wanamaliza gunia 1 la chakula kwa siku, na tukiagiza, lori linafika baada ya siku 3. Basi magunia 3 yataliwa tukingojea. Tuongeze 2 ya tahadhari, maana mvua ikinyesha barabara yetu tunaijua. Jumla 5. Stoo ikibaki na magunia 5, agiza siku hiyo hiyo, usingoje yaishe. Kuku wakikosa chakula hata siku moja, mayai hupungua, na kuyarudisha si kazi ya siku moja.

Sasa fungua orodha ya masomo ya hiyo kozi. Ukiona hesabu kama hii, utunzaji wa stoo na mazoezi ya kufanya mwenyewe, hapo kuna kitu. Ukiona maneno makubwa tu na picha ya cheti, pita.

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lina kozi za bure, zikiwemo za kupunguza upotevu wa mazao. Chuo cha MIT cha Marekani kina kozi 5 za ugavi. Ni nzuri, lakini hesabu ni nyingi. Kwingine kusoma ni bure, unalipia cheti peke yake. Kwingine ni bure siku chache tu, halafu wanaanza kukata pesa, kwa hivyo soma masharti kabla ya kuweka namba ya kadi. Tena video hula bando sana.

Anayetaka kuajiriwa ofisi ya ununuzi ajue kwamba sheria ya Kenya ya 2007 inataka awe na leseni ya KISM. Cheti cha mtandao peke yake hakimpi.

Maswali ya kujadili: Mwaka huu ni kitu gani kiliisha stoo kabla hatujaagiza? Kilitugharimu ngapi? Atakayesoma kwa Kiingereza atatufundisha lini kwa lugha yetu?