Hewa ya Meza Tatu

Tuanze na tone la mate. Mtu akizungumza, akiimba au akikohoa, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Tone lenye upana wa maikromita 100, karibu unene wa unywele, huanguka sakafuni kwa sekunde chache. Chembe ya maikromita 5 huchukua kama nusu saa kushuka kutoka usawa wa mdomo, tena katika hewa iliyotulia kabisa. Na hewa ya chumba chenye watu haitulii: joto la miili huipandisha, feni huisukuma, mlango ukifunguliwa huyumba. Chembe ndogo basi huelea tu ikielekea hewa inakokwenda. Ukitaka kujua itamfikia nani, fuata hewa.

Kanuni za mwendo wa hewa zimejulikana tangu karne ya 19, zikiitwa kwa majina ya Navier na Stokes, ila hakuna awezaye kuzikokotoa kwa kalamu katika ukumbi wenye meza, watu na viyoyozi. Kwa hiyo wataalamu hukigawa chumba katika visanduku vidogo, mara nyingi mamilioni, na kompyuta hufunga hesabu ya kila kimoja kama mwenye duka jioni: hewa kiasi gani imeingia kutoka kwa jirani, kiasi gani imetoka, joto gani, chembe ngapi. Ikimaliza vyote, husogeza saa mbele kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikaanza upya.

Januari 24, 2020, familia tatu zilikula chakula cha mchana kwenye meza jirani katika mgahawa usio na madirisha mjini Guangzhou, China. Watu 10 wa familia hizo waliugua UVIKO-19. Wateja wengine 73 wa ukumbi huo hawakuugua. Yuguo Li wa Chuo Kikuu cha Hong Kong na wenzake walirudi pale, wakaachia gesi ya ethani mahali alipoketi mgonjwa wa kwanza, wakapima ilikofika, kisha wakauiga ukumbi kwa kompyuta. Gesi na kompyuta zilikubaliana: kiyoyozi kilikuwa kikivuta hewa ya meza hizo tatu na kuirudisha hapohapo. Feni za kutoa hewa nje zilikuwa zimezimwa. Kila mtu alipata takriban lita 1 ya hewa mpya kwa sekunde. Shirika la Afya Duniani linashauri lita 10.

Hewa mpya hufanya kazi kama maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi: huchanganyika kwanza. Ikiingia ya kujaza chumba mara moja, hubaki chembe 37 kati ya 100. Mara tatu, hubaki 5.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa ileile iliyomo. Darasani na ofisini, kiwasheni mkipenda, lakini acheni madirisha mawili yanayotazamana wazi japo kidogo.