Kabla ya Masika, Rudisheni Majani Kandokando ya Kijito

Wakulima wa Mgeta na vijiji vingine vya milima ya Uluguru, najua sasa mko mbioni kuandaa mashamba ya masika. Kabla hujateremsha jembe bondeni, nenda ukingoni mwa kijito kinachopita shambani kwako utazame mvua zilizopita zilikata wapi. Palipolimwa hadi majini utakuta ukuta mtupu wa udongo, mizizi ya mahindi ikining'inia, na chini yake rundo jeusi lililoporomoka. Weusi huo ni udongo wa juu, wenye samadi yako na mbolea uliyoinunua kwa jasho. Unaishia mto Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hulazimika kuutoa majini kabla wakazi wa Dar es Salaam hawajafungua bomba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Uchungu wake naujua. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo mwenye ekari moja kando ya mto anaona anaambiwa aache shamba zima. Lakini ukingo mtupu mto wenyewe unaumega kila masika, na hakuna baraza la ardhi litakalokurudishia. Zungumza mapema na serikali ya kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kuhusu kinachoruhusiwa kwenye eneo lako.

Majani mazito hupunguza kasi ya maji, na maji yakipungua kasi hutua mzigo wa udongo. Fosforasi ya DAP hung'ang'ania punje za udongo, hivyo ukiuzuia udongo umeizuia nayo. Nitrojeni ya urea ni mkaidi zaidi, kwani huyeyuka na kupita chini kwa chini. Hapo ndipo mizizi mirefu ya miti inapohitajika, pamoja na vijidudu wa udongo uliolowa ambao huigeuza kuwa gesi.

Basi karibu na maji panda miti, na mkuyu ndio ninaoupenda kuliko yote, maana hushika ukingo na huota hata kwa vipande vya matawi. Mianzi nayo inafaa. Mikaratusi hapana, hunywa maji mno. Upande wa shambani weka mistari ya majani. Vetiva ndiyo bora: ng'oa shina, ligawe kwenye vichipukizi viwili au vitatu, punguza majani yabaki sentimita 20 hivi, kisha panda kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Usiachie zaidi ya hapo, maji yatapenya katikati. Mwenye ng'ombe au mbuzi anaweza kupanda mabingobingo, vipande vya pingili tatu, mbili zikiwa ardhini. Wakati wa kukata malisho, kata mstari mmoja na kuuacha mwingine, ukingo usibaki uchi mvua ikinyesha.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni mfereji. Maji yakishuka yote kwa njia moja, hata majani ya upana wa mita 30 yatapasuliwa, na udongo utapita kama vile hakuna kilichopandwa. Chimba makinga maji juu shambani, ukifuata kipimo cha usawa, ili maji yafike ukingoni yametawanyika. Kijia cha mifugo kinachoshuka moja kwa moja mtoni nacho ni mfereji, kipindishe. Na bomba la dawa lioshwe shambani, mbali na kijito, hata kama ukingo wako ni mzuri kiasi gani.

Panda mara mvua za kwanza zinapolowesha ardhi vizuri, usingoje Aprili ambapo maji yatang'oa vichipukizi visivyoshika. Baada ya wiki tatu hivi rudi ukague mistari na uzibe mapengo, kwa kuwa maji hutafuta pengo kwanza.