Kitenzi na Majirani Zake: Ruwaza za Kiingereza katika Sentensi za Kila Siku

Hebu tuitazame sentensi ambayo kila mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu za sekondari amewahi kuipigia mstari mwekundu: "The teacher explained us the lesson." Maneno yote sita ni ya Kiingereza, tahajia ni sahihi, wakati uliopita umetumika ipasavyo, na maana inaeleweka. Hata hivyo sentensi ina kosa. Mwenye lugha angesema "The teacher explained the lesson to us." Kosa haliko katika neno lolote peke yake, bali katika mpangilio ambao kitenzi "explain" huyadai maneno yanayokifuata. Mpangilio huo ndio unaoitwa ruwaza.

Jambo hili si dogo. Katika Tanzania na Kenya masomo ya sayansi katika shule za sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiyezifahamu ruwaza hupoteza alama si katika karatasi ya Kiingereza tu, bali pia katika fizikia na kemia, ambako pengine jibu lenyewe alilijua vema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makosa mengi ya namna hii hayatokani na uvivu wala uhaba wa msamiati. Yanatokana na sarufi ya Kiswahili, ambayo mwanafunzi anaijua barabara.

Katika Kiswahili kitenzi hubeba ruwaza yake mgongoni. Tukitaka kumwongeza mtu anayefanyiwa tendo, twaligeuza umbo la kitenzi: nunua huwa nunulia, fungua huwa fungulia, fua huwa fulia. Kauli hii moja ya kutendea yatosha kwa vitenzi karibu vyote, nasi twasema bila kusita "alininunulia kitabu", "alinifungulia mlango", "alinifulia shati". Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kitenzi hubaki vilevile, na kazi yote huachiwa mfuatano wa maneno pamoja na vihusishi kama "to" na "for". Ugumu ni kwamba mfuatano mmoja haukubaliwi na vitenzi vyote. Twaweza kusema "He bought me a book" au "He bought a book for me". Lakini mlango ni "He opened the door for me" tu, na shati ni "He washed the shirt for me" tu.

Kwa nini iwe hivyo? Mwanafunzi mdadisi anastahili jibu lililo bora kuliko "ndivyo Waingereza wasemavyo". Ruwaza ya yambwa mbili mfululizo, yaani mtu kisha kitu, huashiria kwamba mtu yule anakipata kitu kile. Aliyenunuliwa kitabu amepata kitabu. Aliyepikiwa wali amepata wali, na kwa sababu hiyo "She cooked us some rice" ni sentensi njema. Aliyefunguliwa mlango hakupata mlango, wala aliyefuliwa shati hakupewa shati jipya. Kauli yetu ya kutendea ni pana zaidi: humtaja anayenufaika na anayedhurika, na pengine hata mahali au sababu ya tendo. Twasema "amefiwa na baba yake", usemi ambao kitenzi "die" hakiwezi kuubeba kabisa. Kwa kitenzi hicho yatubidi kusema tu "His father has died".

Kanuni hiyo ya kupata, hata hivyo, haitoshi kulieleza tatizo la "explain", kwani aliyeelezwa somo bila shaka amepata kitu. Hapa historia ya lugha yaingia. Vitenzi vinavyoikubali ruwaza ya yambwa mbili kwa wingi ni vile vifupi vya asili ya Kiingereza cha kale: "give", "tell", "send", "show", "lend". Vitenzi virefu kidogo vilivyoingia kutoka Kilatini, aghalabu kwa kupitia Kifaransa, huikataa: "explain", "describe", "suggest", "donate", "report". Mwingereza asiyejua Kilatini hata neno moja huitii tofauti hii bila kuitambua. Si kanuni isiyovunjwa. "Promise" ni la asili ya Kilatini lakini laikubali ruwaza hiyo, na "say", neno la kienyeji kabisa, laikataa: twasema "He told me the truth", lakini hatuwezi kusema "He said me the truth". Kanuni yenye mapengo machache ina faida kubwa kuliko orodha isiyo na kanuni yoyote.

Yafaa tukumbuke kwamba kazi kubwa ya kuziorodhesha ruwaza hizi kwa ajili ya wanafunzi ilifanyika Japani. Harold Palmer, Mwingereza, alifika huko mwaka 1922, na mwaka uliofuata akaanzisha mjini Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. A. S. Hornby alifika Japani mwaka 1924 kufundisha. Kamusi zilizotungwa kwa ajili ya Waingereza wenyewe zilieleza maana ya neno, lakini hazikueleza neno hilo hutumikaje, maana Mwingereza hahitaji kuambiwa. Hornby pamoja na wenzake Gatenby na Wakefield walitunga kamusi iliyomwonyesha msomaji ruwaza ya kila kitenzi. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikatolewa tena na Oxford. Ndiyo mama wa kamusi ya wanafunzi inayopatikana hata leo katika maktaba za shule. Mwaka 1954 Hornby alitoa kitabu kilichozigawa ruwaza za vitenzi katika aina 25. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Sinclair na wenzake walikusanya matini nyingi katika kompyuta, na kamusi yao ya mwaka 1987 ikatungwa kutokana na ushahidi huo. Walichokigundua ni muhimu kwa mwalimu: vitenzi vyenye ruwaza moja huelekea kuwa na undugu wa maana. Basi haviko ovyo. Vyaweza kufundishwa kwa makundi.

Kundi la pili linalowasumbua wanafunzi wetu latokana na kiambishi "ku-". Sisi twasema "napenda kusoma", "nataka kusoma", "nimemaliza kusoma", kwa umbo lilelile. Kiingereza hugawa: "I want to read", lakini "I have finished reading" na "I enjoy reading". Kwa jumla, ingawa si daima, umbo lenye "to" hutazama mbele, kwa tendo ambalo bado halijatendeka: "hope", "decide", "plan", "want". Umbo la "-ing" hutaja tendo lililopo au lililokwisha kuwapo. Tofauti hii huonekana wazi pale kitenzi kimoja kinapokubali yote mawili. "He stopped drinking water" maana yake aliacha kunywa maji; "He stopped to drink water" ni kwamba alisimama ili anywe maji. Katika maabara, "Remember to turn off the gas" ni agizo kwa jambo litakalofanywa. "I remember turning off the gas" ni ushahidi kwamba limekwisha fanywa. Atakayeyachanganya hayo mawili hatapoteza alama tu.

Kadhalika "nataka uje" humponza mwanafunzi aandike "I want that you come". Kiswahili hutumia kitenzi cha pili chenye kiima chake, "uje". Kiingereza humfanya mtu huyo kuwa yambwa ya "want": "I want you to come."

Nageukia sasa vitenzi vya maabara. Kiswahili hutenganisha chemka na chemsha, yeyuka na yeyusha, poa na poza. Kiingereza cha leo hutumia neno moja kwa yote mawili. "Water boils at 100 °C" (kwenye usawa wa bahari, tuongeze, si Nairobi) na "Boil the water" zina kitenzi kilekile. Kinachotofautisha ni kuwapo kwa yambwa. Ndivyo yalivyo "melt", "freeze", "cool", "dissolve", "expand". Hili ni jepesi, na wanafunzi hulizoea upesi. Kinachowakwaza ni jozi chache zilizobaki tangu zama ambapo lugha za jamii ya Kijerumani zilikuwa na njia yao ya kusababisha, kwa kubadili sauti ya ndani ya neno: "lie" na "lay" ni kama lala na laza, "fall" na "fell" ni kama anguka na angusha, na "rise" na "raise" ni kama panda na pandisha. Kwa hiyo "The temperature rises", lakini "We raise the temperature". Sentensi "The temperature raised" yasomeka sawa na mtu aliyesema "halijoto ilipandisha", na msikilizaji akabaki kungoja aambiwe ilipandisha nini. Mwalimu akilieleza kwa mfano huo wa Kiswahili, darasa litacheka, kisha litakumbuka.

Njia ifaayo ya kujifunza ni kutoandika kitenzi peke yake daftarini. Mwanafunzi akikutana na "explain", na aandike "explain something to somebody", na chini yake sentensi moja aliyoitunga mwenyewe kuhusu jambo la nyumbani au la darasani. Mwalimu naye, badala ya mstari mwekundu mtupu, aandike pembeni ruwaza inayotakiwa na kumwachia mwanafunzi kazi ya kuisahihisha sentensi.

Sentensi zifuatazo zaweza kutumika kwa zoezi la kipindi kimoja. "My brother described me the accident." "She avoided to touch the wire." "Please wash me these test tubes." "The pressure raised when we heated the gas." "The shopkeeper sold us two candles." "The nurse wants that you come tomorrow." Wanafunzi wasahihishe, kisha waeleze kwa Kiswahili kila kosa limetoka wapi. Moja kati ya sentensi hizo haina kosa lolote. Wasiambiwe ni ipi.