Amekopa au Amekopesha?



Sasa unaweza kusoma na kuandika barua. Leo tutajifunza kuchagua neno linalofaa tunapoandika habari za fedha, mali na mashamba. Neno moja likikosewa, anayedai anaweza kuonekana kuwa ndiye anayedaiwa.

Soma habari hii.

Juma alikosa mbegu. Akaenda kwa jirani yake, Bibi Asha. Bibi Asha akampa madebe mawili ya mahindi. Wakakubaliana kwamba Juma atarudisha madebe mawili baada ya mavuno. Juma akachukua kalamu, akaandika hivi:

"Mimi Juma nimemkopesha Bibi Asha madebe mawili ya mahindi. Yatalipwa baada ya mavuno."

Wote wawili wakatia sahihi. Mavuno yalipokwisha, Bibi Asha alikwenda na karatasi yake kudai mahindi. Juma alikuwa safarini. Kaka yake akaisoma ile karatasi, kisha akasema, "Bibi, mbona hapa imeandikwa kwamba wewe ndiwe unayedaiwa?"

Bibi Asha alirudi nyumbani mikono mitupu. Alingoja mpaka Juma aliporudi. Juma akasema kweli, akalipa. Lakini je, kama Juma angefariki huko safarini? Karatasi ingesema nini?

Juma hakuwa mwizi. Alikosea neno moja tu. Alitaka kuandika "nimekopa", akaandika "nimemkopesha".

ANAYEPOKEA NA ANAYETOA

Soma maneno haya polepole.

Anayepokea fedha hukopa. Anayezitoa hukopesha.
Anayehamia nyumba ya mtu kwa kodi hupanga. Mwenye nyumba hupangisha.
Anayechukua baiskeli kwa malipo hukodi. Mwenye baiskeli hukodisha.

Tazama mwisho wa maneno hayo. Katika maneno haya matatu, lenye "sha" mwishoni ni la mwenye mali. Lisilo na "sha" ni la yule anayeipokea.

KUKOPA SI KUAZIMA

Ukiazima jembe, utalima, kisha utarudisha jembe lile lile. Ukikopa mahindi, utayala au utayapanda. Huwezi kurudisha yale yale. Utarudisha mahindi mengine, kwa kiasi mlichopatana. Fedha nazo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo jembe, sufuria na ngazi huazimwa. Fedha, unga na mbegu hukopwa.

Lakini uwe mwangalifu na neno "kuazima". Watu hulitumia kwa pande zote mbili. Mtu husema, "Niazime jembe lako," maana yake nipe. Tena husema, "Nimeazima jembe kwa Asha," maana yake nimepewa. Katika mazungumzo hakuna taabu, kwa sababu tunaonana. Katika karatasi, andika wazi: "Asha ametoa jembe. Juma amelipokea."

KUDAI NA KUDAIWA

Anayengoja kulipwa anadai. Anayepaswa kulipa anadaiwa. Herufi mbili tu, "wa", zinatenganisha watu hawa wawili. Katika daftari la chama cha kuweka na kukopa, ukiona jina lako limeandikwa "anadaiwa", usifunge daftari kabla ya kuuliza ni deni gani na lilianza lini.

SHAMBA: KUUZA, KUKODISHA AU KUWEKA REHANI?

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Ukiuza shamba, limetoka mkononi mwako. Wanao hawatalirithi.
Ukikodisha shamba, mwingine atalilima kwa muda mliopatana. Muda ukiisha, linarudi kwako.
Ukiweka shamba rehani, limekuwa dhamana ya deni lako. Ukilipa deni, unalikomboa. Ukishindwa kulipa, unaweza kulipoteza.

Mtu akikuambia, "Tunaandika tu kwamba nitalima misimu miwili," lakini karatasi inasema "nimeuza", usitie sahihi. Wala usitie dole gumba. Mwambie aandike upya. Maneno ya mdomo husahauliwa. Yaliyoandikwa hubaki.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTIA SAHIHI

1. Mali inatoka kwa nani?
2. Inakwenda kwa nani?
3. Itarudi, au haitarudi?
4. Kama itarudi, itarudi lini?

Soma karatasi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Ikijibu maswali hayo sawasawa, tia sahihi. Isipojibu, ngoja.

Sasa tazama jinsi karatasi ya Juma ilivyopaswa kuandikwa:

"Leo tarehe ............ mimi Juma nimekopa kwa Bibi Asha madebe 2 (mawili) ya mahindi. Mimi Juma nitamlipa Bibi Asha madebe 2 (mawili) ya mahindi baada ya mavuno, kabla ya tarehe ............ ."

Chini yake waweke sahihi Juma, Bibi Asha na mashahidi wawili. Kila mmoja abaki na nakala yake.

ZOEZI

Andika sentensi hizi katika daftari lako. Chagua neno linalofaa.

1. Chama kime(kopa, kopesha) wanachama wake fedha za mbolea.
2. Mwalimu mgeni ame(panga, pangisha) chumba kwa Mzee Saidi.
3. Nililipa shilingi zangu nika(kodi, kodisha) mkokoteni.
4. Nilimkopesha Halima unga. Sasa Halima (anadai, anadaiwa).
5. Shamba litarudi kwangu baada ya msimu mmoja. Nime(liuza, likodisha).

Majibu: 1. kimekopesha. 2. amepanga. 3. nikakodi. 4. anadaiwa. 5. nimelikodisha.

MAZUNGUMZO DARASANI

Je, nyumbani kwako kuna karatasi uliyotia dole gumba kabla hujajua kusoma? Itafute leo. Isome. Kama kuna neno usilolielewa, njoo nayo darasani tuisome pamoja.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze: na daftari lenye neno lisilofaa hupoteza mali vile vile.