Majina ya Mikoko na Kinga za Mimea: Mfano wa Kisiwa cha Mombasa

1.0 Utangulizi
Mti hauna miguu ya kumkimbia adui, lakini haumwachii mdudu majani yake bure. Makala hii inachunguza jinsi miti ya mahori yanayokizunguka kisiwa cha Mombasa inavyotofautiana katika kujihami, na kuonyesha kwamba majina yake ya Kiswahili yamehifadhi tofauti ambazo neno la jumla, mikoko, huzificha.

2.0 Wanaokinga
Mkoko wenyewe na mkandaa ni miti ya ukoo mmoja. Silaha yao kuu ni tanini, kemikali yenye ukakasi iliyojaa katika magome na majani. Tanini hushikamana na protini. Kwa sifa hiyo, magome ya mkandaa yalitumiwa kutengenezea ngozi. Na kwa sifa hiyo hiyo, majani ya miti hii si chakula chepesi kwa mdudu. Mbao zake nazo ni ngumu na husifika kwa kuhimili mchwa. Nyumba za mawe za Mji wa Kale ni ushahidi: dari zake zimebebwa na boriti za miti hiyo, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti.

3.0 Wanaostahimili
Mchu umeshika njia nyingine. Majani yake yana tanini kidogo na naitrojeni nyingi kuliko ya mkoko, hata mbuzi na ngamia huyala. Hata hivyo, mchu ukiliwa au ukikatwa huchipua upya shinani. Mkoko hauna uwezo huo: tawi lake likishakomaa hupoteza macho ya kuchipulia, na likikatwa halirudi. Basi anayeshindwa kufidia hasara huizuia, na anayeweza kuifidia huivumilia.

Wala kinga hizo si kamili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mililana katika pwani ya Kenya hushambuliwa na mabuu ya wadudu wa aina mbili, mbawakawa na nondo, yanayotoboa matawi na kuyakausha.

4.0 Tofauti ndani ya aina moja
Miti ya jina moja nayo hailingani. Huko Florida, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1977 ulilinganisha mikoko iliyorutubishwa na kinyesi cha ndege na ile isiyorutubishwa. Iliyorutubishwa ilikua haraka na majani yake yakawa na naitrojeni zaidi. Wadudu nao wakayala zaidi. Funzo hili linauhusu Mombasa, kwani hori la Tudor limekuwa likipokea maji taka ya mji kwa miaka mingi. Unene wa mti, basi, si dalili ya usalama wake.

5.0 Hitimisho
Mkata boriti aliyeujua mchu kwa jina alijua kwamba shina lake litachipua, na aliyeujua mkoko alijua kwamba anakata mara moja tu. Mfasiri anayeiita miti yote mikoko hukosea zaidi ya istilahi: humpokonya msomaji maarifa ya kuamua mti upi ukatwe na upi uachwe. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuyakusanya majina haya kutoka kwa wajuzi wake na kuyaingiza katika kamusi pamoja na sifa za kila mti, kabla jina na mti havijatoweka pamoja.