SOMO LA AFYA: Homoni Ziko Sawa, Lakini Kingamwili Zimepanda



Tuseme mama mmoja wa Bulla Iftin, hapa Garissa, amechoka miezi mingi na nywele zinakatika. Anapimwa damu. Karatasi yasema TSH ni sawa na homoni ya T4 ni sawa, lakini kingamwili za TPO ziko juu. Mmoja anamwambia, "Huna kitu, nenda nyumbani." Mwingine ati anunue dawa haraka. Amwamini nani?

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo. Homoni zake huendesha joto la mwili, mapigo ya moyo na nguvu zetu. TSH yatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo ni kama msimamizi: thairoidi ikilegea, yeye hupaza sauti, TSH ikapanda.

Kingamwili nazo ni askari wa mwili. Lakini kuna wakati askari hukosea, wakashambulia tezi ya mwenyewe. Daktari Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza ugonjwa wa tezi wa namna hii mwaka 1912. Basi karatasi ya huyu mama yasema hivi: mchwa wameonekana, lakini nyumba bado imesimama.

Je, itaanguka? Huko Whickham, Uingereza, watu walifuatiliwa miaka 20, na matokeo yakatolewa mwaka 1995. Kati ya wanawake 100 wenye hali hii, karibu 2 tu kila mwaka ndio tezi yao ilishindwa kazi. Kumbe wengi hukaa miaka mingi salama. Lakini hatari ipo, kwa hiyo "huna kitu" si jibu kamili.

Na dawa? Homoni zikiwa sawa, kwa kawaida hazihitaji kuongezwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliwapa vidonge wanawake wa namna hii waliokuwa wakitafuta mtoto. Waliojifungua salama hawakuongezeka.

Tufanye nini basi?

1. Tupime TSH kila mwaka, na tuzitunze karatasi zote.

2. Mama akishika mimba, aende kliniki mapema na aonyeshe karatasi hiyo. Mtoto tumboni hutegemea homoni za mama miezi ya kwanza. Hata baada ya kujifungua, tezi yaweza kuvurugika. Uchovu mwingi au moyo kwenda mbio usipuuzwe.

3. Tusijiongezee aidini kwa vidonge. Ikipungua huleta rovu, ikizidi yaweza kuwachokoza hao askari. Chumvi ya dukani hutiwa aidini kwa sheria ya Kenya, nayo yatosha, tusiiache. Kwa jirani zetu Somalia, uchunguzi wa mwaka 2009 ulikuta aidini imezidi mwilini, hasa kwa wanaokunywa maji ya visima virefu. Hatusemi kila kisima kiko hivyo, ila sisi wa maji ya visima tusiongeze nyingine bila daktari.

4. Uchovu una sababu nyingi. Tupimwe pia upungufu wa damu na sukari.

Maswali ya kikundi:

(a) Kwa nini TSH hupanda tezi ikilegea?

(b) Katika kijiji chetu, nani atamkumbusha mama mjamzito aende na karatasi yake kliniki?