Kura 524

Ndugu mwanakisomo, weka karatasi na kalamu karibu. Leo tutasoma habari za uchaguzi, kisha tutafanya hesabu ya kutoa.

Huko Marekani kuna jimbo liitwalo South Dakota. Ni jimbo la wakulima na wafugaji. Mto Missouri unapita katikati yake. Mashariki ya mto wengi hulima mahindi na soya. Magharibi nchi ni kavu zaidi, na watu hufuga ng'ombe. Mwaka 2000 jimbo zima lilikuwa na watu wapatao 755,000 tu.

Lakini kila jimbo la Marekani, liwe dogo au kubwa, huchagua maseneta wawili. Seneta hukaa miaka 6 katika Seneti, ambayo ni sehemu moja ya bunge lao. Seneti ina viti 100. Mwaka 2002 vyama viwili vikubwa, Democratic na Republican, vilikuwa karibu sawa kwa viti. Kiti kimoja kilikuwa kitu kikubwa. Ndiyo maana nchi nzima iliwatazama watu hawa wachache.

Tim Johnson wa Democratic alikuwa seneta tayari. Alipingwa na John Thune wa Republican. Alikuwapo na mgombea wa tatu, Kurt Evans, wa chama kidogo. Kabla ya siku ya kura Evans alijitoa, akawaomba watu wamchague Thune. Lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi ya kura. Kumbuka jambo hili.

Watu walipiga kura tarehe 5 Novemba, 2002. Usiku kura zikahesabiwa. Alfajiri ilipokaribia, Thune alikuwa mbele. Zilibaki kura za wilaya ya Shannon.

Wilaya hiyo ni ya Waoglala Lakota, wenyeji wa asili wa nchi ile. Ilikuwa mojawapo ya wilaya maskini kuliko zote Marekani. Wenyeji wa asili, ambao babu zao walikuwapo kabla ya Wazungu kufika, walipewa wote uraia mwaka 1924 tu! Asubuhi kura zao zilipofika, zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa za Johnson. Johnson akapita mbele.

Sasa tufanye hesabu. Johnson alipata kura 167,481. Thune alipata 166,957. Toa, wala usisahau kuazima. Umepata 524? Vizuri. Hao ni kama watu wazima wa kijiji kimoja.

Na yule Evans aliyejitoa? Alipata kura zaidi ya 3,000. Labda wengine hawakusikia kwamba amejitoa. Labda wengine walisikia, wakampa hivyo hivyo. Karatasi ya kura haielezi sababu.

Palizuka maneno mengi. Wengine walidai kwamba kura za Shannon zina wizi. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, ambaye alikuwa wa chama cha Thune, aliyachunguza madai hayo. Hakuona kwamba uchaguzi uliibwa. Sheria ilimruhusu Thune kuomba kura zihesabiwe upya. Baada ya siku chache alikubali kushindwa, bila kuomba. Kwangu mimi hilo si jambo dogo, maana kushindwa kwa kura 524 kunauma kuliko kushindwa kwa kura 50,000.

Mwaka 2004 Thune aligombea tena, safari hii dhidi ya seneta wa pili wa jimbo lile, Tom Daschle. Alishinda kwa kura 4,508. Johnson alibaki katika Seneti mpaka Januari 2015.

Maswali

1. Kama watu 525 wa Shannon waliomchagua Johnson wangebaki nyumbani, nani angeshinda? Kwa kura ngapi?

2. Jina la Evans lilikuwa wapi siku ya kura, na kwa nini watu walishangaa?

3. Wewe ungekuwa Thune, ungeomba kura zihesabiwe upya? Zungumzeni darasani, kisha kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi mbili.